Kifua cha Kupeleka Nyumbani

Kwetu, mtu aliyekwenda machimboni harudi kijijini hivi hivi. Anarudi na bati, au ndama, au redio kubwa inayosikika hadi kisimani. Mimi nilikaa Runzewe misimu kadhaa nikilisha mawe kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na kila jiwe nililokuwa na fungu ndani yake lilikataa kutema dhahabu. Mkono mtupu haulambwi. Basi nikaamua, na ni upumbavu ambao hadi leo unanikera, kwamba kama sina cha kubeba, nitarudi na mwili.

Nilikuwa na sababu. Nilikulia kijiji kimoja mbele ya Ibadakuli, mwembamba kama mpini wa jembe. Pale watu hulima kwa pamoja shamba la mmoja wao, wamejipanga mstari, ngoma inapigwa, na anayebaki nyuma anaimbwa. Niliimbwa sana. Baba alikuwa hodari wa mstari ule. Akishamaliza sehemu yake alizunguka hadi mwisho wa sehemu yangu, akaanza kulima akinijia, tukaenda tukitazamana hadi majembe yetu yakakutana. Hakuwahi kunisema. Aibu ilikuwa yangu mwenyewe, na niliondoka nayo kwenda machimboni.

Nyuma ya karasha tulijijengea jimu. Chuma chetu kilikuwa bomba la maji lililokataliwa na fundi, na kila ncha tuliizamisha kwenye debe la rangi lililojaa zege. Debe moja lilipata zege nyingi kuliko lenzake, kwa hiyo ilibidi ugeuze chuma katikati ya zoezi ili mabega yalingane. Mimi nilikuwa nasahau, na hata sasa shati langu linakaa upande. Benchi lilikuwa la mabanzi. Gololi za chuma za karasha zilizochakaa tulizitia kwenye kiroba, tukazibeba mgongoni kupanda kilima.

Unga wa kujenga misuli tuliuona kwenye simu tu. Sisi tulikula maharage, karanga, dagaa na vichwa vyake, na mtindi wa wazee wanaopita na madumu kwenye baiskeli. Mwenzetu mmoja akasema kama mashudu ya pamba yananenepesha maksai, sisi yatatushinda nini? Tukayachemsha kama uji, tukanywa tukicheka. Jioni ile karasha ilisimama kwa kukosa watu, maana wote tulikuwa kwenye foleni ya choo.

Lakini mwili ulikuja, haba na haba. Nilijitazama kwenye kioo cha pikipiki, bega leo, kifua kesho, kwa sababu kioo hakikuweza kunichukua mzima. Miguu sikuihangaikia sana. Nani angeiona ndani ya suruali?

Mvua za kwanza zilipoanguka, baba alipiga kwa simu ya dada yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mvua imenyesha huku. Uje tulime."

"Nakuja, baba. Bado kidogo."

Hicho kidogo kilikuwa kifua. Nilijiona bado sijaiva. Msimu uliofuata akapiga tena: "Njoo hata siku moja tu." Nikadhani amepungukiwa na watu wa kulima, nikatuma hela ya kibarua. Alishukuru, kisha akanyamaza kwenye simu, nami nikadhani mtandao umekata. Najuta kwa kile kimya kuliko kwa yote niliyosema.

Kisha akapiga dada, siyo baba. Baba alikuwa ameanguka shambani. Kiharusi, upande wa kulia wote.

Nilirudi nimevaa fulana ya kubana. Njiani nilijiambia kwamba ndiyo pekee iliyokuwa safi, lakini fulana ile nilikuwa nimeitunza kwa siku hiyo, na hata katika hali ile nilitaka anione. Nilimkuta kitandani. Mama akasema, "Afadhali umekuja. Mtoe akaote jua, mimi na dada yako hatumwezi."

Nikajiweka sawa kama mbele ya chuma, nikavuta pumzi, nikamnyanyua. Nusura nimrushe. Alikuwa mwepesi kuliko kile kiroba cha gololi, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mzigo. Mkono wake wa kushoto ukanishika, ukanibonyeza bega na kifua, kama mtu anayepima ng'ombe mnadani.

Nilimweka kwenye kiti ukingoni mwa shamba. "Baba," nikasema, "nilitaka nije nikiwa na nguvu za kulima na wewe."

Alijibu kwa muda mrefu, ulimi ukimlemea, nami sikuambulia neno. Mama, ambaye alikuwa ametufuata na ameshaanza kuuzoea usemi wake, alifuta macho kwa ncha ya khanga kabla ya kunieleza.

"Anasema nguvu alikuwa nazo yeye. Alichokuwa anataka ni mtu wa kukutana naye katikati."

Jembe lake lilikuwa limeegemezwa ukutani, na kipande alichokuwa akilima siku aliyoanguka kilikuwa bado hakijakwisha. Nilivua ile fulana, nikaenda upande wa pili, nikaanza kulima kumwelekea. Kifua changu kilikuwa kizuri kutazamwa, lakini jembe lilitaka kiuno na miguu, na hivyo sikuwa navyo. Kabla ya nusu nilisimama nikihema.

Baba alikuwa kwenye kiti, ananitazama. Nilikuwa nimebaki nyuma kama zamani, na safari hii hakuna jembe lililokuwa linanijia.