Mikono Iliyomsuka Binti Yangu

Siku zile tulipokuwa tukiitana ndugu, nilipewa wasichana watatu niwafundishe kazi katika kiwanda cha nguo, Chang'ombe. Uzi ukikatika, ilibidi kuunga upesi ili mashine iendelee. Wao walihangaika nao mpaka mashine inasimama. Msimamizi akaniambia, “Ndugu, hawa warudi kwao.”

Nikamjibu, “Hawarudi. Nipe wiki mbili.”

Nikawaita nyumbani kwangu Temeke kila Jumapili. Mume wangu alinuna, maana hata siku ya mapumziko nilileta kazi nyumbani. Anune. Nilifunga nyuzi kwenye miguu ya kitanda wajizoeze kuunga, nikawa napika huku nawafokea, “Tazameni uzi!” Wapi!

Jumapili ya pili binti yangu akaanza kulia kwamba kesho ni shule na nywele hazijasukwa. Mie mikono imejaa unga. Msichana mmoja akamkalisha kati ya magoti yake, akamsuka huku akipiga soga na wenzake, wala hatazami kichwa. Nilikuwa nawafundisha kwa macho, kumbe wao wanajua kwa vidole.

“Rudini kwenye nyuzi,” nikasema. “Fumbeni macho.”

Hakuna aliyerudishwa kwao. Na mwaka mzima ule binti yangu alikwenda shule amesukwa vizuri kuliko wenzake wote.

Sasa ni mtu mzima. Juzi nilimsikia akimhadithia mwanawe habari za mikono iliyomsuka utotoni. Yangu hakuitaja.