Msumari kwenye Kishikio cha Sumaku

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mushasha, Gitega, niliambiwa niketi kwenye stuli nitazame bomba la kioo. Ndani mlikuwa na chembe za chuma, nusu bomba; tuliziita kitanda. Feni ikapuliza hewa kutoka chini, chembe zikachemka kama uji, mapovu yakipasuka juu. Mkuu wa maabara akawasha umeme kwenye koili, yaani waya wa shaba uliozungushiwa bomba ili uwe sumaku. Mapovu yakapotea. Chembe zikabaki zimeinuka, zimetulia, hewa ikipita katikati yake bila fujo. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania, nilikokulia, na cheti changu cha ufundi umeme, nikidhani sumaku ni ya kuokotea misumari tu.

"Iko inakufurahisha?" Mkuu akauliza. "Basi we utabaki nayo."

Nilibaki nayo miaka mingi, kisha nikapelekwa Muyinga, kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Vumbi la makapi lilikuwa likiwamaliza akina mama wachambuaji. Mama Spesi, msemaji wao, alikuwa akikohoa hadi anashika ukuta. Kazi yangu ilikuwa kupitisha hewa ile chafu kwenye pipa la chembe za chuma lililozungushiwa koili. Kitanda kikitulia, kinanasa vumbi. Kikitoa mapovu, vumbi linapenya nayo.

Asubuhi ya majaribio kila kitu kilikwenda sawa. Mchana akaja mkurugenzi, amefunga tai. Nami, kwa kupenda sifa, nikazungusha kishikio cha kuongeza umeme kupita alama tuliyoweka asubuhi, asione hata povu moja. Sumaku ikizidi, chembe hushikana zikawa nguzo na kitanda chote kikaganda. Hewa ikajipasulia ufa mmoja, na vumbi lote likawamwagikia akina mama. Mama Spesi alitolewa nje amebebwa. Sijawahi kuona aibu kama ile.

"We Tarsisi," mkurugenzi alisema akifuta miwani, "sumaku haiko pilipili, ati unaongeza tu! Kesho mashine itoke hapa."

Aliyenitetea ni Mama Spesi mwenyewe, ameketi kwenye gunia, kikombe cha maji mkononi.

"Shefu, umuache," alimwambia mkurugenzi, akipumzika kila neno. "Asubuhi... tulipumua muzuri. Arudishe... vile ilikuwa."

Mkurugenzi akakubali, nikakirudisha kishikio. Kisha nikapigilia msumari kwenye alama, kishikio kisiweze kupita tena.

Sasa nimestaafu, nalima Giheta. Vijana wakiniuliza kuhusu kazi ile, nawaambia ugumu haukuwa kuzituliza chembe, ulikuwa kujua pa kuachia. Siku niliyokwenda Muyinga kuaga, nilimkuta injinia mpya ameshika koleo, anataka kuung'oa msumari wangu, akiuona ni uchafu tu. Mama Spesi akamwahi.

"Wewe mutoto, uo musumari hapana gusa, uko wetu sisi wamama, tuliulipia na kifua, uliza uyu muzee!"

Aliyasema yote kwa pumzi moja.