Kisigino cha Papa Katembo

Mtu akiniuliza habari za mazoezi, namwambia ukweli: mimi nakimbia kwa sababu ya tumbo langu. Papa Katembo alikuwa anakimbia kwa sababu ya upweke. Mke wake, Kasoki, alibaki Butembo na watoto, barabara ilikuwa ya hatari, na yeye huku Kisangani alilala chumba cha nyuma ya depo yake, katikati ya magodoro ya kuuza. Siku za kazi alikuwa na wateja wa kubishana nao. Jumapili, baada ya misa, alifunga mlango, akapika wali wa mtu mmoja, akala akitazama ukuta.

Footing yetu, yaani mbio za kundi, inapita mjini mapema Jumapili, safu mbili mbili, tukiimba nyimbo za askari kwa Kilingala. Kuimba kwetu si mbwembwe tu. Élise, anayetuongoza, ni kiné, mtaalamu wa kutibu viungo: wiki nzima anakanda magoti na migongo ya watu wazima waliojifanya vijana, na amechoka kutukuta na sisi kwenye kitanda chake cha matibabu. Kwa hiyo anatunyoosha viungo kabla ya kuanza, anakagua soli za viatu, na ameweka sheria kwamba asiyeweza kuimba apunguze mwendo. “Mutu mwenye anaimba, pumzi yake iko muzuri,” anasema. Sheria nzuri, ila inapima kifua tu. Kisigino haikijui.

Papa Katembo alianza kuumwa juu ya kisigino msimu wa mvua. Akiamka alikanyaga kwa ncha za vidole, baadaye maumivu yakalegea, akajidanganya kwamba yamekwisha. Tulipoongeza mwendo, yalirudi. Hapo aliimba kwa nguvu ili uso usimsaliti. Na sisi, wajinga, tukamsifu. Tukampeleka safu ya mbele awe mwanzilishi wa nyimbo, na mtu ambaye wiki nzima aliitwa kwa kuulizwa bei ya godoro akapata kundi zima la kumwitikia. Nani angeacha?

Élise aligundua kwa bahati tu, alipomwona akishuka ngazi za kanisa upandeupande huku ameshika ukuta. Alimkalisha papo hapo, akambonyeza ule mshipa mnene wa nyuma ya mguu, na mzee akaruka.

“Papa, mushipa imevimba. Utapumzika mwezi na nusu, utafanya mazoezi yenye nitakuonyesha, kisha utarudia pole pole.”

“Nitapumzikia wapi?”

“Kwako.”

“Kule njo kunaniuma, maman. Siku zote niko na bintu. Dimanche njo niko na bantu.”

Vitu siku zote, watu Jumapili tu: Élise alimwelewa. Akampa kazi: aje, ajinyooshe pamoja nasi, kisha abaki pale tunapoanzia akilinda mali. Ulikuwa wema wa mtu anayejua misuli. Sisi huja na ndala na kuvalia viatu hapo. Basi tulimwacha ameketi kwenye benchi la mbao, ndala za watu zimemzunguka, funguo zetu mfukoni mwake. Tuliporudi, kila mmoja alikuwa na haraka ya kuoga kabla ya misa. Merci, papa, na ndala, na kwaheri. Nilimwona amebaki na benchi lake, hajui aondoke saa ngapi. Iliniuma sana.

Jumapili chache baadaye alimwachia muuza mikate ndala zetu, akapanda pikipiki, akatutangulia hadi karibu na daraja la Tshopo. Tulipofika akajitumbukiza safu ya mbele na kushika wimbo. Tulimwitikia kwa furaha, mimi wa kwanza. Élise alikuwa nyuma kabisa na waliochoka. Alipoitambua ile sauti alipiga filimbi, akapiga tena, lakini kelele zetu zilimfunika.

Kwenye mteremko nikasikia mlio mdogo, mfano wa tawi kavu likivunjika, na Papa Katembo akaanguka kwa mikono. Wimbo ukakatika. Tulimwinua, wawili kwapani, wengine mgongoni, mwingine ameubeba mguu. Élise akafika mbio, akabinya shavu la mguu, na unyayo haukucheza hata kidogo. Mshipa ulikuwa umekatika. Akaanza kulia kwa hasira.

“Nilikuambia, papa. Nilikuambia.”

Jasho lilikuwa linamtiririka mzee na meno ameyauma, lakini mikono yake mabegani mwetu haikulegea. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mwendesha pikipiki. Nikainua mkono kumwita.

“Acha kwanza,” Papa Katembo akaniambia. “Tubakie hivi kidogo.”

Nikaushusha mkono.