Kiganja Mbele ya Projekta

Mwonyesha filamu wa ukumbi wa kanisa ni bibi wa miraba minne, sauti yake kama kengele. "Wazazi, zimeni simu! Watoto, tulieni kama maji mtungini!" Kila katuni inapofika pale nabii anapotupwa kwenye tundu la simba, bibi huziba projekta kwa kiganja. Ukuta wote giza, watoto wakalalamika. "Nawakinga, msije mkaota vibaya!"

Leo mjukuu wake, aliyechoka kukingwa, akanyata hadi nyuma ya projekta ili amwombe atoe mkono. Akamkuta bibi mwenyewe kajikunyata, kafumba macho kwa nguvu, anasali chinichini.

Mtoto akamshika goti. "Bibi, fumbua macho. Sikiliza, simba wanakoroma."

Bibi akatega sikio. "Hata yule mkubwa?"