Mupira Mudogo Nyuma ya Moteri

Siku yangu ya kwanza mu garaji, kule Bagira, chef d'atelier, mukubwa wa garaji, alinipa kitambaa, akanikataza kugusa kitu. Nilikuwa na diplome ya mécanique, nikafikiri ananizarau juu niko mwanamuke. Kumbe kila mutu mupya alipitia pale. "Simama karibu na moteri," akasema. "Sikiliza. Mikono itakuja nyuma."

Nyinyi munaoanza leo, munakimbilia appareil ya kusoma makosa ya gari. Basi sikieni.

Ikafika jeep moja ya abbé, padri, imetoka Walungu. Taa ya moteri inawaka. Ikipanda mulima, iko sawa. Ikisimama ku barrière, kizuizi cha njia, inazimika. Dereva alikuwa amebandika sparadrap, plasta ya kidonda, juu ya taa. Chef akaibandua.

"Papa, ulifunga mugonjwa macho. Akapona?"

"Chef, abbé alikuwa ananiuliza kila kona. Angalau nilipata kimya."

Tukachomeka ile appareil. Ikasema hewa ni nyingi, mafuta ya essence kidogo. Wengine wangebadilisha vipande mupaka jeep ibakie jina. Chef akanipa chupa ya kunyunyizia maji. "Pita polepole ku mipira yote inayopitisha hewa. Nyaya za umeme uziache. Na usiangalie. Sikiliza."

Moteri ilikuwa inatetemeka ku ralenti, ni kusema inazunguka bila mutu kukanyaga pedali. Maji yalipogusa mupira mumoja mudogo kule nyuma, sauti ikatulia, halafu ikaharibika tena. Mupira ulikuwa na ufa, maji yaliuziba kidogo tu; moteri inavuta hewa ya wizi. Ku mulima inakunywa hewa nyingi, ule wizi hauonekane. Ku ralenti inakunywa kidogo, wizi unaizima. Tukaweka mupira mupya, tukafuta kosa, taa haikurudia.

"Sasa shika clé," chef akaniambia, akanipa spana. Hata siku ya ndoa yangu sikufurahi vile.

Kisha nikahamia mu muji, mu atelier kubwa, chini ya chef de charroi, mwenye kupanga magari yote. Tumbo lilipokua, akaniambia: "Maman, enda upumzike. Mutoto akitembea, utarudia." Nikamwamini.

Mutoto anatembea. Anakimbia hata. Nikarudia.

"Maman, garaji haifae mama wa mutoto. Ku cuisine kuko nafasi ya kupika."

"Na hawa wanaume wako, chef, hawana watoto?"

Akaendelea kupanga magari ya kesho, jina langu halimo.

Wengine wanastaafu na mvi. Mimi walinistaafisha nikiwa nanyonyesha. Wananiambia nipumzike, kama vile nilichoka. Taxi ikisimama mbele ya nyumba na kutetemeka, nanyamazisha mutoto ili nisikie vizuri, na mukono unatafuta chupa ya kunyunyizia.

Kila Jumamosi nafua salopette yangu, ovaroli ya garaji, pamoja na nguo za mutoto. Zamani maji yalikuwa yanatoka meusi, naosha mara mbili, natukana. Sasa yanatoka safi. Namwaga yale maji safi mu rigole, mufereji wa njia, na hasira inanipanda kuliko siku ile mbele ya chef de charroi.