Mume kafuta mistari yake, mimi na mchele wangu

Jamani, leo mume wangu kanishinda kwa hoja, halafu akaniyeyusha hapo hapo!

Yeye hutunza kiini cha mfumo endeshi, ile programu inayoendesha kompyuta nzima. Leo alitaka kuondoa mistari ya zamani ya maagizo ya kusafisha kumbukumbu ya kompyuta.

Kidole kiko juu ya kitufe, lakini hafuti.

"Unaogopa nini, mpenzi?" nikamuuliza huku nachambua mchele, sinia mapajani.

"Siku hizi mfumo unajisafisha wenyewe, hii haina kazi tena. Ila nikikosea, kompyuta za watu zitagoma."

"Si umeshaujaribu mfumo bila hiyo?"

"Nimejaribu mpaka nimechoka."

"Basi futa. Kusafisha kilichokwisha kusafishwa ni kujitesa tu."

Akafuta. Akashusha pumzi. Kisha akalitazama sinia langu.

"Na huo mchele? Mama si aliuchambua kule kijijini Mbingu kabla ya kututumia?"

Kweli, sijawahi kuokota humo hata jiwe! Nikainuka niumimine kwenye sufuria.

Akanishika mkono, akavuta kigoda chake karibu.

"Kuchambua huku usikufute. Hapa ndipo tunapopigia stori."

Ubwabwa umechelewa mno, na wala sijali. Nyie na wenzenu mnapigia stori wapi?