Uso wa Roboti Ukutani

Mhadhiri wetu wa bunilizi za kisayansi hupapasa kiti kabla ya kuketi, kama anayeogopa kumkalia paka. Nuru ya macho inamwishia, naye anadhani siri ni yake peke yake. Riwaya na filamu zote huzifundisha kwa kichwa: safari za kwenye nyota, mashine zinazowaasi waliozitengeneza. Juzi taa ya projekta iliungua katikati ya filamu, ikabaki sauti tu. Akaunyooshea kidole ukuta mtupu.

“Mtazameni huyu roboti usoni. Mtu au mashine?”

Tuliinamisha vichwa. Mchekeshaji wa darasa ndiye aliyejibu, bila mzaha: “Mtu, Mwalimu. Analia.”

“Ahsante, mwanangu.”

Mchelewaji mmoja akasukuma mlango. “Jamani, leo mnatazama ukuta?”

Kidole kilishuka polepole, kikajificha mfukoni. Leo, kabla ya kusema neno, ameweka kiganja juu ya projekta, anangoja ipate joto.